Ala Zote na Sauti Zote

Mume wa binamu yangu alijipa jina la Maestro yeye mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa nje hudhani alipewa na mashabiki. Mashabiki gani? Aliliandika kwa rangi nyeupe kwenye mfuko wa gitaa lake, akaanza kuliitikia kabla mtu yeyote hajamwita.

Kazi yake ilikuwa kuuza vigae. Duka lilikuwa kubwa, sakafu inang'aa, na masinki na vyoo visivyo na maji vimepangwa ukutani kama wageni waliokosa mwenyeji. Wakija mume na mke wakibishania rangi ya bafu, yeye alisimama pembeni amekunja mikono, akiwatazama kwa jicho la mtu aliyeumbiwa makubwa akapitiwa na bahati. Mteja akichagua kigae chenye maua, Maestro aliguna. Mwenye duka alimwonya zaidi ya mara moja kuhusu kule kuguna. Lakini alijua kutazama ukuta na kusema utakula maboksi mangapi, na akisema hakosei. Hilo simnyimi. Ndiyo maana hakufukuzwa.

Jioni na mwisho wa wiki alipiga gitaa kwenye bendi ya watu wanne. Walipiga roki, ila si roki ya kutikisa kichwa. Ilikuwa ile wanayoiita progresivu: wimbo mmoja ukianza, wewe unabandika maharage, unafua, unaanika, nao bado haujafika kwenye kiitikio, na pengine kiitikio chenyewe hakimo. Mdundo hubadilika kila ukitaka kuuzoea. Mtu akiinua mguu acheze, anapoushusha anakuta wimbo umeshahama. Sisemi muziki huo hauna wenyewe. Wapo, nimewaona: wanaume wazima wenye ndevu wamekaa kwenye viti, wamefumba macho, kama watu wanaosubiri kung'olewa jino.

Siku moja mwimbaji wa bendi, mwalimu wa hesabu na mtu mpole, aliomba wapunguze sehemu ya gitaa katikati ya wimbo wao mkubwa. Alieleza kwamba mara ya mwisho yeye na mpiga besi walishuka jukwaani, wakanywa soda, wakapiga gumzo na watu, wakarudi, wakamkuta Maestro bado anaendelea. Maestro akawaambia wanataka muziki wa kuuzia sabuni. Akafungua mfuko wake, akalaza gitaa ndani kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka. Alitegemea wamkimbilie. Walibaki wakifanya mazoezi, na nasikia siku hiyo walimaliza mapema.

Akarudi nyumbani na tangazo. Tulikuwa mezani, mimi na binamu yangu, tumemaliza kushona mapazia ya hoteli fulani, vidole vinauma. Binamu yangu ni mshonaji wa mapazia, na mimi humsaidia kupiga pindo na kutia pete. Maestro alisimama mlangoni, hakuketi, akasema anatoa albamu yake peke yake.

"Peke yako vipi?" mkewe akamuuliza.

"Peke yangu. Ala zote na sauti zote."

Binamu yangu akampongeza, akampakulia chakula. Wakati ule alikuwa bado anampenda kwa namna ya kumhesabia hata ndoto kuwa ni kazi.

Kumbe albamu ilihitaji chumba, na chumba alichokitaka kilikuwa cha mkewe. Kile cha nyuma, ambamo binamu yangu aliweka cherehani, meza ya kukatia na majora ya vitambaa vizito mpaka darini. Maestro aliingia, akapiga makofi, akasikiliza, akapiga tena. Alieleza kwamba vitambaa vinameza mwangwi, na kwamba studio za wakubwa hulipa sana kupata ukimya kama ule. Kwa hiyo majora yakabaki, akatolewa mwenye majora. Cherehani ikahamia kwenye korido, kati ya mlango wa choo na rafu ya viatu. Kila mtu alipokwenda chooni ilibidi binamu yangu anyanyuke, avute kiti, akunje kitambaa, asubiri, kisha arudi kwenye mshono. Alishona hivyo msimu wote wa mvua. Tulipotaka kitambaa kutoka chumbani tuligonga mlango wetu wenyewe, na mara nyingi tulijibiwa kwamba anarekodi.

Gitaa lilikwenda vizuri. Mimi simpendi, lakini vidole vyake havina ugomvi na mimi: vilikuwa vyepesi, na mara mojamoja, nikiwa nimesimama mlangoni nimebana sindano mdomoni, nilisikia kitu kizuri kinapita. Kisha alikirudia mpaka kikaoza. Sauti ya kuimba aliitia mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameapa hatamtegemea tena mwimbaji. Aliimba kuhusu nafsi na kivuli chake kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ndani ya pipa.

Mkwamo ulikuwa ngoma. Aliazima ngoma kamili, na matoazi yake na kanyagio lake, akazipanga katikati ya majora, akaketi. Alipiga siku nzima. Jirani wa chini akapanda kuuliza kwa adabu kama tunahama, maana amesikia makabati yakiburutwa. Nyimbo za Maestro zenyewe zilikuwa mtego: nyingi zilikwenda kwa mapigo saba, na yeye aliyezitunga hakuweza kuhesabu saba kwa mikono na miguu kwa wakati mmoja. Alikuwa kama mtu aliyejenga nyumba ya ghorofa akasahau ngazi.

Hapo ndipo anapoingia Nyundo. Nyundo ni kaka yake binamu yangu, kwa hiyo ni binamu yangu pia, na sina sababu ya kumpamba. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mchana kutwa anagonga milango na bamba zilizobonyea, na ujanani alipiga ngoma kwenye bendi za maharusi. Ni mzuri kwa mikono, mzito kwa mengine yote. Mwenye nyumba wake alikuwa amemtoa, akaja kwa dada yake akisema atalala kwenye kochi mpaka atakapojipanga. Kujipanga kwa Nyundo ni jambo refu. Alikuwa anakula vizuri, analala mapema, na kochi lilishaanza kuchukua umbo lake.

Maestro akamwita chumbani. Akamchezea wimbo wa kwanza, akamweleza ile saba kwa maneno ya kitaalamu, akamchorea mpaka na mishale kwenye karatasi. Nyundo alisikiliza akichokonoa meno. Kisha akasema, kama mtu anayetafuta funguo, "She-me-ji le-ta cha-i." Akairudia kwa kidole gotini: shemeji leta chai, shemeji leta chai. Saba. Akaketi kwenye ngoma, akapiga wimbo wote kwa hesabu hiyo, na pale mdundo ulipobadilika kuwa wa tano akatia maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi na binamu yangu tuliacha kushona tukasikiliza. Kwa mara ya kwanza ule muziki ulikuwa na miguu.

Jioni baada ya jioni alitoka gereji, akanawa mikono, akala, akaingia kupiga. Nyimbo zote. Binamu yangu alifurahi kuliko alivyokuwa amefurahi mwaka mzima. Aliwaambia wateja wake kwamba mume wake na kaka yake wanatengeneza albamu. Maestro alimsikia akisema hivyo, na hakumsahihisha.

Kanda ilipokamilika, hakutaka itolewe kama watu wanavyotoa siku hizi, kwa simu. Alitaka santuri, zile sahani nyeusi za zamani, zikachapwe nje ya nchi. Katika ukoo wetu wote hakuna mwenye mashine ya kupigia santuri. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba kazi ya sanaa haiulizi kama msikilizaji amejiandaa. Akauza gari. Tukamwona anakwenda dukani kwa miguu, kidevu juu, kana kwamba kutembea nako ni sehemu ya albamu.

Maboksi yalipofika aliyaficha nyuma ya majora, akasema hakuna kufungua mpaka siku ya uzinduzi. Uzinduzi ulifanyika Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walikuja jamaa wa mke, jamaa wachache wa mume, mwenye duka la vigae na mkewe, na wale wenye ndevu wa kufumba macho, ambao sijui hupashana vipi habari. Waliobaki kwenye bendi nao walikuja, wakaketi nyuma kwa adabu zao. Binamu yangu alikuwa ameshona pazia jipya la jukwaa, la mahameli nyekundu iliyokoza. Mbele ya pazia ziliwekwa gitaa, kinanda, besi na zile ngoma. Ziliwekwa kwa ajili ya picha tu.

Nikachukua santuri moja mlangoni. Kwenye jalada, Maestro amepigwa picha kwa nyuma, anatazama ukuta wa vigae vyeupe. Niliutambua ule ukuta, ni wa pale dukani, upande wa mabafu. Nikageuza nyuma. Chini ya majina ya nyimbo paliandikwa: ala zote na sauti zote, na jina lake kamili. Nikatafuta tena. Nikatafuta hata ndani ya jalada. Kisha nikampa binamu yangu. Alisoma, akaiweka mapajani kifudifudi, akalaza viganja vyake juu yake. Uso wake haukuonyesha kitu. Ninamfahamu, anapokata kitambaa cha bei kubwa huwa na uso ule ule.

Maestro akapanda akahutubia. Alizungumza juu ya upweke wa msanii, juu ya wale wasiomwelewa, na hapo aliwatazama wa bendi. Akanyoosha mikono yake akasema kila sauti watakayoisikia imetoka kwenye mikono hii miwili. Nyundo alikuwa ameketi mstari wa pili na sahani ya vitafunwa, anatafuna. Hakuinua kichwa.

Sasa, tunaye shangazi. Ni mtu mzima, hana hila, na anapenda kuelewa mambo. Alinyoosha mkono kama yuko darasani, akasubiri aruhusiwe.

"Mkwe wangu, hongera sana," akasema. "Gitaa nimekuona ukipiga mara nyingi. Ngoma sijawahi kukuona. Hebu kaa hapo utupigie kidogo, nami nikaseme kijijini kwamba nimeona."

Watu wakapiga makofi kwa nia njema kabisa. Maestro akatabasamu, akasema muda hautoshi. Shangazi akasema yeye hana haraka. Maestro akasema ngoma hazijakazwa. Mpiga besi wa bendi yake ya zamani, ambaye naona alikuwa amengoja siku kama ile, akasema kwa upole kwamba anaweza kuzikaza. Akapanda, akazikaza, akashuka.

Basi Maestro akaketi. Akashika fimbo. Akapiga kubwa, akapiga ndogo, akagusa toazi, mguu ukasahau kanyagio, akalikumbuka kanyagio akasahau mkono. Akaanza upya. Kulikuwa na utulivu wa watu wanaomtazama mtu akishuka ngazi gizani. Mwenye duka la vigae alianza kusoma jalada kwa bidii. Maestro akainuka, akafuta jasho, akasema ngoma za kuazima zina tabia zake, tuisikilize santuri yenyewe.

"Ndiyo basi?" shangazi akaniuliza, si kwa kejeli. Alidhani kuna sehemu ya pili.

Sindano ya mashine ya kuazima ikashuka kwenye santuri. Na zile ngoma zikaanza, nzito, safi, zimejaa ukumbi mzima, na jukwaani hakuna aliyezikalia. Ndipo nikaona mstari wetu wote umegeuza vichwa upande mmoja. Walikuwa wanamtazama Nyundo. Alikuwa ameweka sahani yake sakafuni, macho yako dirishani, mawazo yako gereji au jikoni, sijui, lakini mikono yake miwili ilikuwa inapiga mapajani. Kila pigo la santuri lilikuwa pigo lake. Muziki uliposita, mikono ilisita. Mdundo ulipohama kutoka saba kwenda tano, mikono ilihama nusu ya pumzi kabla, kama mtu anayejua kona ya nyumbani kwao. Na midomo ilikuwa inacheza. Shangazi, aliyekuwa ameketi naye bega kwa bega, aliinama akatega sikio.

"Anasema aletewe chai," akatuambia. Kisha akamtazama Maestro, akatazama yale mapaja, akatazama tena ngoma tupu. "Kumbe," akasema, akaegemea kiti.

Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetoka. Ingekuwa heri watoke. Walikaa wakasikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, kwa heshima, wakimtazama fundi wa bodi akipiga mapaja. Wale wenye ndevu, kwa mara ya kwanza, walikuwa wamefumbua macho. Nyundo alipogundua anatazamwa alikunja mikono na kujifanya amesinzia. Mwimbaji wa bendi alikuja mwishoni kumpa Maestro mkono, akamwambia ngoma zimetulia sana. Sidhani alikusudia kumchoma, lakini sisemi hakukusudia.

Nyumbani ndiko yalikosemwa. Maestro alijieleza kabla hajaulizwa: alikuwa amekubaliana na Nyundo, mwanaume kwa mwanaume, na Nyundo aliridhia jina lake lisiwekwe. Binamu yangu akamgeukia kaka yake, akamuuliza kama ni kweli. Nyundo akajikuna shingo akasema ndiyo, aliambiwa, akajibu Shem aandike anavyotaka. Yeye alikuwa na mahali pa kulala, chakula kinapatikana, jina la kwenye jalada lingemsaidia nini? Sikujua nimdharau yupi kati yao. Mmoja ameiba, na mwenye mali amemshikia mlango, kwa kochi.

"Wazo lilikuwa langu," Maestro akasema. "Yeye aligonga tu. Albamu ya mtu mmoja lazima iwe na jina moja, ndiyo maana yake. Wewe huwezi kuelewa."

Binamu yangu alikuwa bado amevaa nguo zake za ukumbini. Alizungumza polepole.

"Mimi naelewa. Umenitoa kwenye chumba changu, nikashona mlangoni mwa choo mvua nzima. Kaka yangu amekupigia kila wimbo. Gari tulilokuwa tukipelekea mapazia umeuza. Yote hayo ili upate kusema uko peke yako."

Akaingia chumba cha nyuma. Tukamsikia anaburuta, nami nikaenda kumsaidia. Tulitoa maikrofoni, nyaya, vile visanduku vyake vya kukanyaga kwa mguu, ngoma za watu, vyote tukavipanga kwenye korido kati ya choo na viatu. Cherehani tukairudisha chini ya dirisha. Maestro alisimama akitulaumu kwamba tunashika nyaya vibaya. Hakubeba kitu. Nyundo alibeba meza ya kukatia, tena mwenyewe, na alipoiweka dada yake akamwambia asitegemee asante, atafute pa kulala. Akahamia chumba cha uani pale gereji. Nasikia alipapenda.

Baada ya wiki chache Maestro alikuja na vikaratasi vya gundi, vidogo kama vya kubandika bei. Alikuwa amechapisha jina la Nyundo na neno ngoma. Aliketi mezani akavibandika, jalada moja baada ya jingine, kwa unyenyekevu mkubwa uliohitaji tuuone. Nikachukua moja nikasoma. Jina la shemeji yake, mtu aliyekaa naye nyumba moja na kula naye chungu kimoja, lilikuwa limekosewa herufi. Nilimwonyesha. Alitazama, akasema wasomaji wataelewa, akaendelea kubandika.

Bendi haikumrudisha. Alikwenda, nasikia alikwenda na maua, wakampokea vizuri, wakamsikilizisha nyimbo zao mpya. Walikuwa wameshapata mpiga gitaa mwingine, msichana mmoja mwuguzi ambaye anajua kumaliza. Alitoka pale akatuambia wameshuka kiwango. Santuri nyingi bado ziko chini ya kitanda. Chache zilichukuliwa na wale wenye ndevu, na mmoja wao alimfuata Nyundo gereji kumwomba aisaini yake. Nyundo aliisaini kwa kalamu ya kuwekea alama kwenye bati.

Kuna mahali pamoja tu albamu inasikika mpaka leo, napo ni kwenye duka la vigae. Mwenye duka, kwa kumwonea huruma, alimruhusu aiweke kwenye spika saa za kazi. Kumbe ikamletea faida asiyoitegemea: waume na wake waliokuwa wakibishana asubuhi nzima juu ya rangi ya bafu sasa wanachagua upesi, wanabeba, wanaondoka. Hata vigae vya maua havisumbui. Mwenye duka hataki tena kusikia habari za kuizima. Maestro anaamini muziki wake unawafungua watu akili wakaamua, na anaieleza nadharia hiyo kwa yeyote anayekaa kumsikiliza.

Niliwahi kumuuliza binamu yangu kwa nini bado yuko naye. Tulikuwa tunapima dirisha la mteja, yeye juu ya kiti, mimi nimeshika ncha ya futi. Aliandika kipimo chake kwanza.

"Siku hizi anaosha vyombo," akasema. "Peke yake. Ala zote."

Akashuka, tukahamia dirisha la pili.